Tumeshuka Korogwe na mtoto mgonjwa, ubatizo ulikuwa Machame: kwa wazazi mnaosafiri Desemba hii

#1 Mama_Wawili

Habari za usiku wakuu. Naandika nikiwa wodini, kijana wangu wa mwaka mmoja na miezi minne yuko kwenye oksijeni, ndiyo kwanza amesinzia. Chaji imebaki kidogo ila nimeona niandike leo leo, maana wiki hii nusu ya Dar iko barabarani kwenda kaskazini na kila basi lina watoto wenye mafua.

Tulikuwa tunakwenda Machame, kwao mume wangu. Wenyeji wa kule mnajua Desemba ilivyo, usipoonekana unaulizwa hadi Pasaka. Mwaka huu lilikuwa kubwa zaidi kwa sababu mtoto alikuwa abatizwe siku ya pili ya Krismasi. Babu yake ameshatenga mbuzi, mashangazi wa Arusha wameomba ruhusa kazini, akina mama majirani wameshapangiana nani anamenya ndizi na nani anashika mbege. Tiketi tulikata mapema kabisa kabla nauli hazijaanza kuyumba.

Mafua yalianza juzi. Mafua ya kila siku tu, anacheza, anakula uji wake. Alfajiri pale stendi ya Magufuli alikuwa na joto kidogo, nikampa parasetamoli, akalala. Mpaka Chalinze hakuna shida. Tulipopita Mkata nikaona ananyonya anaachia, ananyonya anaachia, kama mtu aliyetoka kukimbia. Segera basi likasimama, wachuuzi wa machungwa wako madirishani, dada yake anachagua, mimi nikampandisha mtoto fulana. Kila akivuta pumzi, chini ya mbavu panabonyea ndani, panatokea kishimo, kinapotea, kinatokea tena. Matundu ya pua yanatanuka. Nikaweka simu mapajani nikahesabu dakika nzima: 62. Kliniki walitufundisha kwamba mtoto aliyetimiza mwaka akifika 40 tu, hizo ni nyingi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Bibi mmoja siti ya nyuma kwa upendo kabisa akasema huyo ana kimeo, mkafike mkikate. Shemeji yangu kwenye simu: msishuke porini, vumilieni mfike Moshi, hospitali ya KCMC kuna mabingwa. Kutoka pale Moshi ni kama saa nne za basi. Mume wangu akanigeukia akaniuliza, "Mama, wewe unaonaje?" Nikamwambia tunashuka Korogwe. Hakuuliza tena, akaenda mbele kwa dereva. Wifi yangu akaendelea na binti yetu mkubwa pamoja na mabegi yote, sisi tukashuka na mfuko wa pampasi na kanga mbili.

Mapokezi hawakusubiri faili. Wakambana kidole cha mguu kwa kile kidude chenye taa nyekundu kinachopima oksijeni kwenye damu, kikasoma asilimia 85. Mipira ya oksijeni ilikuwa puani kabla sijamaliza kutaja jina lake. Malaria kapimwa, hana. Daktari kasikiliza kifua mbele na nyuma, akasema nimonia kali. Yuko kwenye sindano za ampisilini na jentamaisini. Muuguzi alikata kipande cha boksi la dawa akakifunga na bandeji chini ya mkono kiwe gango, asije akakunja kiganja kanula, ule mpira wa sindano mshipani, ikatoka. Kunyonya hawezi, nakamua kwenye kikombe wanampitishia kwa mpira wa puani unaoshuka tumboni.

Mnaosafiri na wadogo, nawaomba: msiishie kushika paji la uso, mpandisheni nguo mtazame kifua. Na mkiona kile nilichokiona, shukeni penye hospitali ya kwanza. Kilomita zilizobaki zisiwe sababu.

Ombi moja. Wodi ni ya akina mama tu, mume wangu amejikunja kwenye benchi nje. Kuna mtu wa Korogwe humu anielekeze chumba cha bei ya kawaida?

#2 BabaMapacha

Pole sana dada, poleni wote na shemeji. Mungu ampe nafuu kijana. Nimesoma hapo kwenye kishimo chini ya mbavu nikaenda kuwafunua wanangu wamelala.

#3 Msambaa_wa_Mombo

Pole mama. Mimi nafanya kazi Korogwe mjini. Zipo nyumba za wageni nyuma ya stendi, safi na hazina makelele, nimekutumia namba yangu PM. Shemeji asilale benchi, mbu wa huku si wa kuchezea, mkamwongeze mgonjwa wa pili.

#4 Kibosho_Road

Pole sana. Ila mimi nitasema ukweli wangu, ningekuwa mimi ningesonga mbele. Saa nne si nyingi, na Moshi angekuta bingwa wa watoto na vipimo vyote. Hospitali za njiani wakati mwingine unapoteza muda tu, mwishowe wanakupa rufaa kwenda huko huko ulikokuwa unaelekea.

#5 Nesi_Zamu_Usiku

Mama Wawili, pole na hongera kwa pamoja. Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto nimekaa miaka mingi, ngoja nimjibu kaka yangu wa #4 kwa heshima.

Kaka, mtoto akisoma 85 kinachokwenda kumuua ni kukosa hewa, bingwa anakuja baadaye. Chini ya 90 anatakiwa oksijeni, na basi halina oksijeni. Saa nne kifua kikibonyea hivyo, misuli inachoka, mtoto anatulia, mama anadhani amelala. Nimepokea watoto waliofikishwa "wametulia". Akishatulizwa na oksijeni na sindano ya kwanza imeingia, rufaa ikihitajika anakwenda kwa gari la wagonjwa lenye mtungi.

Sasa wazazi wengine, kuhesabu pumzi hakuhitaji shule. Mtoto awe ametulia au amelala, asiwe analia wala ananyonya. Pandisha nguo, tazama tumbo na kifua, kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, usihesabu nusu dakika ukazidisha, watoto hawapumui kwa mpangilio. Mchanga chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka asifikishe mwaka, 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40. Kifua kikibonyea, usisubiri kuhesabu. Kadhalika akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea hadi kumwamsha ni kazi. Hapo hata kama ni saa nane usiku, toka.

Na kuhusu kimeo. Kile ni kinyama kinachoning'inia kooni na kila binadamu anacho, wewe unacho, daktari anacho. Mtoto akikohoa sana koo linavimba kidogo, mtu akimulika tochi anakiona kimeshuka, anasema ndicho kinachomsumbua. Ugonjwa uko chini huko kwenye mapafu. Kukikata hakugusi mapafu, kunaleta damu isiyokatika na vidonda vinavyooza, na wembe wenyewe unajua umetoka kwa nani. Nimewahi kupokea mtoto kutoka kwa mkata kimeo, nimonia yake iko pale pale na juu yake amepungukiwa damu.

#6 Bi_Mwanaidi

Mwanangu nesi, mimi ni mtu mzima, nilikatwa kimeo Pangani nikiwa mdogo na nimezaa na kulea. Wazee wetu hawakuwa wajinga, walitibu kwa walichokuwa nacho. Lakini kwa huyu mtoto nasema wazi mama amefanya sawa. Kifua kikibonyea sisi tulikuwa tunaita kichomi, na kichomi hata zamani kilikuwa kinajulikana kuwa kinaua. Allah amponye.

#7 Nesi_Zamu_Usiku

Shikamoo bibi. Umesema kweli, walitumia walichokuwa nacho, na wewe kupona tunamshukuru Mungu. Kichomi ndiyo hii hii nimonia. Mpaka leo inaua watoto kuliko watu wanavyofikiri, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilihesabu zaidi ya laki 7 chini ya miaka mitano dunia nzima kwa mwaka 2019 peke yake. Dawa zake si za ajabu, ni hizo sindano na hewa, shida ni kuwahi.

#8 Dada_Tabata

Pole mama. Naomba kuuliza, mtoto alikuwa amepata chanjo zote? Maana wangu amemaliza na nilidhani nimonia ndiyo basi tena.

#9 Nesi_Zamu_Usiku

Dada Tabata, chanjo ya nimokoko, bakteria wanaoleta nimonia, ilianza kutolewa kliniki zetu mwanzoni mwa 2013, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Imepunguza sana, na mtoto aliyechanjwa hata akiugua mara nyingi hafiki kubaya. Ila nimonia ina vijidudu vingi, vingine ni virusi ambavyo chanjo hiyo haivigusi. Chanja, na bado tazama kifua.

#10 Mama_Wawili

Mrejesho. Asanteni kwa maombi na maneno. Dada Tabata, kadi yake imejaa, hakuna chanjo aliyokosa.

Usiku ulikuwa mrefu. Umeme ulikatika, mashine ya oksijeni ikanyamaza, na katika wodi ile kila mama aliinuka kwa wakati mmoja. Muuguzi alikuwa tayari anaviringisha mtungi kutoka kona, akahamisha mipira akitumia mwanga wa simu. Sijui ilichukua muda gani, mimi nilikuwa natazama kile kidude kwenye kidole cha mguu. Ilishuka, ikasimama, ikapanda. Huyo muuguzi Mungu amtunze, nimemwambia hivyo asubuhi kabla hajatoka zamu.

Kitanda cha jirani kuna mama ametoka upande wa Bumbuli, mwanawe ana shida kama ya wangu. Ameniazima beseni, kanga na sabuni bila kuniuliza mimi ni nani. Tunalinda kwa zamu, yeye akienda kuoga namwangalizia mwanawe.

Jambo lililonichoma zaidi si la hospitali. Jioni baba mkwe alipiga simu. Alizungumza na mchungaji wa usharika, wakaona kwa kuwa mtoto yuko katika hali hiyo, atafutwe mchungaji wa hapa Korogwe aje ambatize wodini. Sisi ni Walutheri, ubatizo wa dharura upo, ninaujua. Mzee alisema kwa sauti ya chini sana, nami sijawahi kumsikia akizungumza vile. Nilikaa kimya, halafu nikamwambia, "Baba, nakuomba usiku huu mmoja." Sikukataa sakramenti. Niliona nikikubali maji yale kitandani pale nitakuwa nimekubali na kitu kingine ambacho siko tayari kukikubali. Akasema sawa mwanangu. Mume wangu alipoambiwa alitoka nje, alikaa huko muda.

Naombeni msinihukumu.

#11 BabaMapacha

Hakuna wa kukuhukumu hapa dada. Lakini nikuambie upande wa mzee. Kwetu baba akisema hivyo hajakata tamaa, anatafuta kitu cha kufanya. Yuko kule na mbuzi na wageni, mjukuu yuko Korogwe, hana pa kushika. Hilo ndilo aliloliona analiweza.

#12 Mwinjilisti_Mstaafu

Mama, amani kwako. Nimehudumu miaka mingi katika kanisa letu na nimebatiza wodini zaidi ya mara moja. Ubatizo wa dharura hauhitaji hata mchungaji, Mkristo yeyote anaweza, maji na jina la Utatu, baadaye unathibitishwa usharikani. Nakwambia hili ili usibebe mzigo kwamba umefunga mlango. Haukufungwa. Nimewabatiza watoto wodini ambao leo wanaimba kwaya, kwa hiyo tendo lile si hukumu ya kifo. Na mama aliyeomba usiku mmoja hajamkosea Mungu. Fuata moyo wako, na mpigie mzee simu asubuhi, usimwache asubiri.

#13 Kibosho_Road

Nimesoma majibu ya nesi mara kadhaa. Hilo la oksijeni kwanza sikuwa nalijua, nilidhani hospitali ni majengo na mabingwa. Dada, gharama zimekaaje? Kama kuna cha kuchangia weka hapa tuone.

#14 Mama_Wawili

Mwinjilisti, shikamoo na asante sana. Nimempigia mzee asubuhi. Kaka wa Kibosho, ubarikiwe. Mtoto ni wa chini ya miaka mitano na hapa ni serikalini, hatujadaiwa kitanda wala oksijeni. Tunanunua chakula, pampasi, sabuni na chumba cha baba yake. Tunaweza.

Mama mkwe amefika! Alipanda basi la alfajiri bila kumwambia mtu isipokuwa mzee. Ameingia getini saa za kuona wagonjwa na chupa mbili za chai, moja ina maji ya moto, nyingine ameijaza mtori. Akavua kilemba, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akasema, "Kula kwanza, maziwa hayatoki kwenye machozi." Mtori ulikuwa bado wa moto kutoka Machame mpaka huku. Nimekula chupa nzima. Halafu akakaa kitandani kwa mjukuu wake akashika ule mguu wenye kidude, hajauachia hadi muda ulipoisha.

Nilikuwa naogopa atakuja na maneno ya sherehe, nani kasema nini, nani kaumia. Hakugusa. Nilipouliza mwenyewe kuhusu wageni akanijibu mbuzi atachinjwa Krismasi, watu wameshafika na watu wanakula, ubatizo una siku nyingine.

#15 Dada_Tabata

Hapo kwa mama mkwe nimelia. Wapo wachache.

#16 Msambaa_wa_Mombo

Nimemwona shemeji leo tumekunywa chai pamoja. Ni mtu mpole sana, ila amekonda ndani ya muda mfupi. Nimempelekea chandarua na feni, chumba kilikuwa na joto. Mama, usiwe na wasiwasi naye.

#17 Mama_Wawili

Mrejesho mwingine, na huu naandika nikiwa na nguvu.

Leo asubuhi daktari ameitoa mipira ya oksijeni kwa majaribio. Tumekaa tunatazama: 93, 94, 95, ikatulia hapo. Mchana akaanza kuvuta nguo yangu mwenyewe. Amenyonya! Ananyonya bila kuachia, mkono mmoja wenye gango la boksi umening'inia, wa pili ananipiga kifuani kama kawaida yake. Mpira wa tumboni wameutoa. Nimehesabu pumzi akiwa amelala, 36. Nikahesabu tena kwa sababu sikuamini, ikaja ile ile.

Mtoto wa mama wa Bumbuli naye anaendelea vizuri ingawa bado yuko kwenye hewa. Naomba mnaosali mumtaje na yeye.

#18 Bi_Mwanaidi

Alhamdulillahi. Wote wawili nawataja.

#19 Nesi_Zamu_Usiku

Habari njema kabisa. Watakapowaruhusu mtapewa amoksilini za vidonge vya kuyeyusha. Weka kidonge kwenye kijiko na maji safi kidogo au maziwa yako uliyokamua, kitayeyuka chenyewe, mpe chote. Mmalize dozi hata akianza kupanda makochi. Kikohozi kinaweza kubaki wiki moja mbili, hicho kisikutishe. Kinachotakiwa kukurudisha hospitali ni pumzi kwenda mbio tena, kifua kubonyea, homa kurudi au kukataa kunyonya. Na msisahau siku watakayowapangia kumwona tena, mkiwa Dar nendeni kituo cha karibu na ile karatasi ya kuruhusiwa.

Wapi mnaelekea mkitoka? Kama mna uhuru wa kuchagua, msianze safari ya kwenda kukutana na watu wengi wanaombeba kwa zamu. Ndiyo kwanza anatoka kwenye ugonjwa, na Machame Desemba kuna baridi ya mvua na moshi wa jikoni, hivyo vyote kifua chake hakivihitaji sasa hivi.

#20 Mama_Wawili

Tumeshaamua, na kwa kweli mzee ndiye aliyeamua kabla yetu. Alisema msipande mlima na mtoto huyu, rudini Dar, sisi tutashuka. Ubatizo umepelekwa Pasaka, na mchungaji amekubali. Mashangazi wa Arusha wawili wamenuna, nawaelewa, likizo yao imekwisha na Pasaka hawana uhakika. Mume wangu atawapigia mwenyewe.

Jambo lililobaki ni binti yetu. Krismasi yake ameila kwa bibi bila sisi, na kwenye simu kila siku anauliza swali moja, kama mdogo wake bado ana kamba puani. Wifi atamshusha hadi hapa tuungane kurudi Dar. Kwa vile hajawahi kushuka Korogwe, naomba kujua mabasi ya kutoka Moshi yanasimama wapi hasa, maana sisi siku ile dereva alitushusha karibu na hospitali.

#21 Msambaa_wa_Mombo

Mengi yanasimama hotelini abiria wale, ni nje kidogo ya mji. Wifi amwambie konda mapema kwamba anashukia stendi, tena akumbushe wakifika Mombo. Anapanda lini?

#22 Mama_Wawili

Jumamosi, basi la asubuhi. Kwa hesabu yao saa saba mchana watakuwa hapo.

#23 Msambaa_wa_Mombo

Nitakuwa stendi na shemeji kuanzia saa sita. Nitumie namba ya wifi na jina la basi, tutawaleta hadi getini.